Nilimtoa Shemeji Woga, Akavuka Lango la Mama

Mimi ndiye niliyemvunja mama yangu taya. Mchi haukuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango, natetemeka. Lakini ni mimi! Nimechoka kuwasikia watu wa mtaa wakisema ni pepo. Pepo gani? Pepo lenyewe ndilo hili linalowaandikia.

Nisomeni mpaka mwisho kabla hamjanitukana. Mkimaliza, tukaneni mnavyotaka, sitajibu.

Ninaishi Likasi, mji wa migodi, upande wa Shituru, katika nyumba aliyoiacha marehemu baba, fundi wa reli. Alituacha watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu wa kike, aliyeolewa mtaa huo huo, ambaye nitamwita Mado. Majina yote nimeyabadilisha. Nisingependa Mado aonyeshwe kidole sokoni kwa makosa yangu, amekwisha kuonyeshwa vya kutosha.

Kazi yangu ilikuwa kwenye labo, maabara ya dawa. Mkuu wetu, Madame Odette, alikuwa akichunguza mizizi ambayo mama zetu huwapa watu wenye moyo mzito. Mjane asiyekula. Mchimbaji aliyefukuliwa hai na tangu siku hiyo anaruka akisikia mlango umebamizwa. Madame alitaka kujua kama mizizi hiyo inafanya kazi kichwani kweli au ni imani tu, na kabla ya kumgusa mtu tulianza na panya. Panya weupe, wadogo, wenye macho mekundu.

Mimi ndiye niliyekausha mizizi, nikaitwanga, nikailowesha, nikachuja, nikachemsha maji yake taratibu mpaka yakabaki kama asali nyeusi. Halafu niliwanywesha panya kwa sindano butu iliyopinda, moja kwa moja kooni. Baada ya hapo ni kutazama. Kazi yenyewe hasa ilikuwa kutazama, na mimi nilikuwa na macho ya bure.

Kulikuwa na mzizi mmoja. Jina lake silitaji, maana nawajua wanadamu, kesho mtu ataamka na jembe.

Tulikuwa na ubao wa umbo la msalaba, umeinuliwa juu kwa miguu mirefu. Mikono miwili ina kuta, miwili haina. Panya wa kawaida hukaa penye kuta, huchungulia nje, hurudi mbio. Lakini panya aliyenyweshwa mzizi ule alitoka akatembea ukingoni kabisa, mkia unaning'inia hewani, hana habari. Nilifurahi jamani! Nikamwita Madame: "Angalia huyu, eko mutulivu!"

Madame akanikazia macho. "Usiseme eko mutulivu. Sema haogope. Ile ni mambo mbili."

Nikacheka moyoni. Wasomi na maneno yao!

Sasa niwaambie habari za shemeji.

Mume wa Mado, nitamwita Pitshou, alikuwa mchimbaji wa mashimo ya Kambove. Mwanaume wa kifua, mikono kama magogo, na ukimkuta amefurahi atakuchekesha mpaka ushike tumbo. Lakini nyumbani kwake alikuwa mnyama. Alimpiga mdogo wangu kwa mkanda, alimpiga kwa ngumi, siku moja alimmwagia bukari, ugali wa moto, begani kwa sababu ilikuwa na mabonge. Mabonge! Ngozi ya bega ilitoka pamoja na nguo.

Mchungaji alisema wafunge na kuomba. Wakafunga. Pitshou alifunga naye, akafungua kwa kumng'oa Mado jino.

Mnaniuliza, wewe kaka yake ulikuwa wapi?

Mara moja nilijitia mwanaume. Nilimfuata Pitshou kwake mchana kweupe, nikamwambia, "Shemeji, ukimugusa tena dada yangu, tutaonana." Hakujibu. Alinishika koo kwa mkono mmoja, akaniinua, akanibana ukutani mpaka visigino vikaacha ardhi. Majirani wanatazama, watoto wanatazama. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikajikojolea. Aliponiachia akasema tu, "Kwenda, ukabadirishe suruali." Mtaa mzima ulicheka. Tangu siku ile nikimwona kwa mbali, nabadilisha njia.

Hapo ndipo kila kitu kilipoanzia. Wahenga wanasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nami nilijificha chini ya methali hiyo kama mtu anayejificha mvua. Niliona afadhali nichekwe kuliko nizikwe.

Lakini Mado alikuwa na mahali pamoja pa kukimbilia: lango la Mama.

Kwetu, mama wa mke ni buko, mkwe mzito. Mwanaume hamtazami buko wake usoni. Hali naye, hapiti karibu yake, hasemi neno chafu akiwa anasikia. Pitshou, mnyama yule, aliishika heshima hiyo kuliko hata wanaume wa kanisani. Mado akipigwa alikuwa anachomoka mbio, damu zinatiririka, Pitshou nyuma yake na mkanda, na Mama akisikia kelele alikwenda kusimama langoni. Anasimama tu! Mama mwenyewe mfupi, mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani. Mado anapita chini ya mkono wake na kuingia. Na Pitshou akifika pale anasimama kama gari lililokanyagwa breki. Anavua kofia. Anachuchumaa, macho chini, anapiga makofi polepole ya heshima, jasho linamtoka, hasira inamtetemesha mabega. "Mama, minye nakuomba msamaha." Kisha anarudi kinyumenyume.

Nimeona hivyo kwa macho yangu, si mara moja. Lango la bati lenye kutu, na kimama kifupi, vikimsimamisha mwanaume ambaye mimi alininyanyua kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimekaa na jibu la shida yetu uani kwangu na sikuliona!

Mimi nikaona panya.

Nilijiambia hivi: kama mzizi unamtuliza panya, utamtuliza na Pitshou. Hasira zake zitalala. Mado atapona, na mimi sitahitaji kusimama mbele ya mtu yeyote. Tazameni hesabu ya mwoga ilivyo nzuri!

Njia ilikuwepo, nayo ni aibu kubwa kuliko yote. Pitshou akirudi kutoka Kambove alipita mbele ya kwetu, na kwa kuwa hawezi kula mbele ya buko wake, Mama alimtumia munkoyo pale langoni. Mnaijua munkoyo, uji wa mahindi unaochachushwa kwa mzizi, tamu na chungu kidogo. Mama aliupika mwenyewe na aliupika vizuri. Kikombe cha buko hakikataliwi. Na aliyekipeleka langoni alikuwa mimi.

Basi nikachukua ile asali nyeusi labo, nikaitia kwenye chupa ndogo, nikaiweka mfukoni. Mama anajaza kikombe, ananikabidhi, "Mupelekee mukwe wangu." Mimi nikizunguka kona ya nyumba, namimina, nakoroga kwa kidole, napeleka. Pitshou anapokea kwa mikono miwili, macho chini, anashukuru, anakunywa mpaka tone la mwisho. Munkoyo ina uchungu wake, hakusikia tofauti.

Mawee, ole wangu! Kikombe cha mama yangu mwenyewe!

Mwanzoni, niwaambie ukweli, ilikuwa kama muujiza. Pitshou alianza kulala usingizi wa pono. Alirudi kazini anaimba. Mado alikuja nyumbani na uso mzima, hana uvimbe, amesuka nywele, akanishika mkono. "Yaya, kaka yangu, Mungu alisikia. Bwana yangu alibadirika."

Nilijiona mkubwa! Nilitembea Shituru nzima kichwa juu, kana kwamba wote walionicheka wangejua, wangeniinamia.

Halafu mambo madogo yakaanza. Siku moja Pitshou alipofika langoni hakuchuchumaa. Alibaki amesimama, akampungia Mama mkono kama anampungia rafiki wa shimoni. Siku nyingine alimwita kwa jina lake la ubatizo. Mama alishtuka akaingia ndani, akafunika uso kwa kitenge. "Huyu mutoto nimemukosea nini?" akaniuliza. Nikamwambia, "Mama, ni furaha tu. Anakupenda."

Wachimbaji wenzake nao wakawa wananong'ona. Walisema Pitshou sasa anashuka shimoni bila kugonga dari kusikiliza kama udongo umelegea, anaingia tu, anachimba chini ya jiwe linalolia. Mmoja alisema, "Muntu hataki tena maisha yake." Nikasikia, nikapita.

Na kuna siku ambayo hata Mungu mwenyewe anajua kwamba nilionywa waziwazi.

Tulikuwa na jaribio la panya mgeni. Dume mkubwa anakaa peke yake kwenye kizimba mpaka kinakuwa chake. Unamwingiza mgeni. Mgeni wa kawaida anajibana pembeni, anainama, analia kidogo, na mwenyeji akishaona hivyo anamwacha. Ndivyo panya wanavyoishi bila kuuana. Siku ile nikamwingiza mgeni aliyenyweshwa mzizi, mdogo, nusu ya mwenyeji.

Hakuinama. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiota cha mwenyeji. Dume likamrukia, likamuuma mgongoni, nyama ikatoka. Yule mdogo hakulia. Aligeuka akauma, akang'ang'ania, wakaviringika kwenye vumbi la mbao mpaka likawa jekundu. Nilipiga kizimba kwa kiganja, wapi! Madame alipokuja mbio na glavu, mdogo alikuwa amekwisha kumpasua mwenyeji tumbo, matumbo yapo nje, na bado anatafuna.

Tulipowatenganisha, yule mdogo alikaa pembeni, mgongo wazi hadi mfupa, akaanza kunawa uso kwa vidole vyake. Taratibu. Sikio moja, halafu la pili. Kama mtu aliyetoka shambani.

Madame alivua glavu. "Unaona sasa? Woga ni breki. Huyu hatukumutuliza. Tulimutoa breki, na hasira yake tuliiacha mule mule."

Nilisikia kila neno. Akilini nikamwona Pitshou akimpungia Mama mkono. Nilijua. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndilo ungamo langu hasa: nilijua.

Na jioni ile Mama aliponikabidhi kikombe, nikazunguka kona, nikamimina.

Kwa nini? Kwa sababu niliogopa kuacha. Nilijiambia nikiacha, kipigo kitarudi, Mado atalia tena, na safari hii mtu ataniuliza wewe kaka utafanya nini. Nilijiambia panya ni panya tu. Nikaongeza na kipimo, mjinga mimi, ili atulie zaidi!

Haikupita wiki. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, jua kali. Mama alikuwa uani anatwanga mihogo, mimi ndani navua viatu. Nikasikia sauti ya Mado kutoka barabarani. Haikuwa sauti ya mtu anayepigwa, hiyo tuliizoea. Ilikuwa sauti ya mtu anayechinjwa.

Baadaye alinisimulia. Alikuwa amemwambia Pitshou asimwite tena Mama kwa jina, ni aibu, watu wanasema. Basi. Pitshou hakukasirika hata, aliweka kijiko chini, akamshika nywele, akampigiza uso kwenye meza, mara ya kwanza, mara ya pili, huku anamuuliza kwa upole, "Nani anasema? Nani?"

Mado aliingia uani pua imelala upande, jicho limeziba. Mama akaacha mchi kwenye kinu, akaenda langoni, akasimama. Kama siku zote. Akainua mkono, Mado akapita chini yake.

Pitshou alifika anatembea. Hakukimbia! Hakuvua kofia.

"Mama, toka pa njia. Nakuya kubeba bibi yangu."

"Pitshou," Mama akasema, akafunika uso, "minye ni buko yako."

Mimi nilikuwa nachungulia kwenye ufa wa mlango. Nilimwona Pitshou akicheka. Cheko safi, la mtu aliyeambiwa kitu cha kuchekesha. "Aka! Buko ni nini? Buko ni muntu tu."

Akamshika Mama begani na kumsukuma. Mama akaanguka na lango likaanguka naye. Pitshou akapita juu ya bati, akaja uani, akauchomoa mchi kwenye kinu. Mama alikuwa ameinuka. Jamani, aliinuka! Alimshika miguu kwa nyuma, akamng'ang'ania kama mtoto. Pitshou akageuka, akamtazama usoni, macho kwa macho, akapiga.

Sauti ile naisikia nikila, naisikia nikiomba. Pigo la kwanza lilikuwa la taya, la pili la kichwa. Meno ya Mama yalitawanyika kwenye unga wa mihogo. Damu ikaingia kwenye kinu.

Na mimi? Nilikuwa nyuma ya mlango. Suruali imelowa kwa mara ya pili katika maisha yangu.

Aliyemrukia Pitshou ni Mado. Mado yule yule, haoni kwa jicho moja, alimrukia mgongoni akamng'ata sikio mpaka likakatika. Majirani wakaingia, vijana wanne, watano, wakamwangusha, wakampiga mateke mpaka mchi ukamtoka. Walitaka kumchoma. Wazee wa kanisa ndio waliowazuia.

Walipomkalisha chini, mikono imefungwa kamba, damu ya sikio inamchuruzika shingoni, Pitshou alipangusa uso kwa bega lake. Taratibu. Upande mmoja, halafu wa pili. Akatazama watu wote wale waliokuwa wanapiga mayowe, akaona mimi nimetoka mlangoni. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Shemeji, niletee munkoyo."

Nilitapika palepale.

Mama hakufa. Alilala hospitalini muda mrefu, wakamfunga taya kwa waya. Mdomo umepinda, mkono wa kuume hauinuki, maneno yanatoka yamepondeka. Pitshou yuko gerezani. Watu wakasema lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, imemharibu, wengine wakasema amerogwa na wenzake wa shimoni, mchungaji akasema pepo la uharibifu. Nikaitikia amina. Chupa niliitupa chooni.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka kufa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilikuwa nimekubali kuumbuliwa baadaye. Kilichonishinda ni Mama.

Kila asubuhi nilipomlisha uji kwa kijiko, alikuwa ananiuliza swali moja kwa ule mdomo wake uliopinda. "Nilimukosea nini mukwe wangu?" Alidhani kosa ni lake. Alidhani alivunja heshima ya buko bila kujua, labda alimtazama, labda kikombe kilikuwa kichafu. "Munkoyo yangu haikuwa nzuri?" Hivyo hivyo, jamani! "Labda munkoyo haikuwa nzuri."

Siku moja kijiko kilinitoka mkononi. Nikapiga magoti, nikamwambia yote. Mzizi, panya, chupa, kona ya nyumba. Mado alikuwa mlangoni amebeba maji, akasikia kila kitu.

Mama akasema, "Basi hakunizarau." Chozi moja likamshuka upande ule wa uso ambao bado unahisi. Hilo tu ndilo alilolichukua katika maneno yangu yote: kwamba mkwe wake hakumdharau. Akageukia ukuta. Tangu siku ile hapokei chakula kutoka mkononi mwangu. Nikimletea kikombe cha maji, anakitazama kwanza ndani, halafu ananitazama mimi, na hanywi.

Mado aliweka ndoo chini. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alisema taratibu, "Bwana yangu alikuwa mubaya tangu mbele ya dawa yako, usimusafishe. Alinipiga na woga wake, alinipiga bila woga. Lakini weye, yaya. Minye nilikuwa nataka muntu mumoja tu wa kusimama pa mulango pamoja na Mama. Weye ulileta chupa."

Nikaokota kijiko, nikaenda kukiosha.

Nilikwenda kwa Madame Odette nikamweleza. Alikaa chini kwenye sakafu ya labo, mama mzima, akaweka mikono kichwani. Nilimuuliza, ni mzizi au ni yeye mwenyewe Pitshou? Akanijibu, "Panya si muntu. Inaweza kuwa mzizi, inaweza kuwa lutuku, inaweza kuwa yeye. Weye hukupima, ulimwaga tu. Hautajua hata siku moja." Kisha akanifukuza kazi, na utafiti wake wa miaka akaufunga kwa sababu yangu. Wajane na wale wachimbaji wanaoruka mlango ukibamizwa hawatapata jibu kwa ajili ya mtu mmoja aliyeogopa shemeji yake.

Nilikwenda hata polisi. Bwana inspekta alinisikiliza, akacheka mpaka akakohoa. "Unataka niandike nini? Kwamba ni panya walimupiga mama yako?" Nikamwambia, andika kwamba ni mimi. Akaacha kucheka. Ameandika, na nimeambiwa nisitoke Likasi mpaka niitwe. Nikisikia pikipiki inasimama nje, nasogea nyuma ya mlango kama zamani. Ninaogopa sana. Woga huu ninautunza, sitaki mtu anitoe.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mtu anapigwa kwenu, usimwendee mpigaji kwa mlango wa nyuma. Usitie kitu kwenye kikombe cha mtu ambaye hajui. Usiidharau hofu ya mtu, maana hofu ya Pitshou kwa Mama ndiyo iliyokuwa ukuta wa nyumba yetu, na mimi niliubomoa nikadhani najenga. Kusanya wajomba, kusanya majirani, mwite mkuu wa mtaa. Ukikosa wote, nenda ukasimame wewe mwenyewe mlangoni, hata kama unatetemeka, hata kama suruali imelowa. Mama yangu naye alikuwa anatetemeka, sasa najua. Alisimama hivyo hivyo.

Lango nililisimamisha tena juzi, nikalipigilia misumari mipya. Mado alipita, akalitazama, akaniuliza ni la kumzuia nani sasa. Kisha akaingia ndani kumlisha Mama.